Tembo "yupo hatarini kutoweka" wakati huku Tunduru tunalala dunguni: daraja hili hupangwaje?

#1 DunguLaMto
Wakuu, salaam. Kila redio ikimtaja tembo nasikia "mnyama aliye hatarini kutoweka". Mimi nipo Tunduru, kusini mwa Tanzania, upande wa ushoroba (njia ya wanyama) unaokwenda hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Mahindi yakianza kubeba, kulala nyumbani kumekwisha: ni dunguni, kwenye jukwaa la kulindia shamba, na tochi, debe na gogo la moto. Juzi limeingia kundi zima, mama na ndama. Wamelaza mikorosho aliyopanda baba kabla sijazaliwa. Hawakula hata jani, wamesukuma kwa kichwa tu mti ukalala mizizi juu. Na mabibo yakiiva ndiyo kabisa, harufu inawaita kutoka mbali.

Sasa nani alikaa mezani akaamua hawa wanaisha? Anahesabu nini, wapi, lini? Naomba mtu anayejua anijibu. Na tafadhali, msitutukane wakulima.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi nafasi. Wale wa "panda miti, penda wanyama" kutoka Masaki njooni mjibu, mwenzenu yupo dunguni.

#3 Mwl. Biolojia
Pole sana mleta mada. Wanaopanga hayo madaraja ni IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye kile kinachoitwa Orodha Nyekundu, iliyoanza 1964. Madaraja yapo tisa, kuanzia "haijapimwa" hadi "ametoweka kabisa". Yanayosababisha kelele ni matatu ya katikati: katika tishio, hatarini kutoweka, na hatarini mno.

Vipimo ni vitano na spishi ikifikia kimoja tu inatosha. Kuna kasi ya kupungua, kuna ukubwa wa eneo linaloishi, kuna idadi ndogo inayoendelea kushuka, kuna idadi ndogo sana yenyewe, halafu kuna hesabu za uwezekano wa kutoweka huko mbele. Tembo hakuingia kwa sababu ni wachache. Aliingia kwa kasi ya kupungua. Mnyama akipungua nusu ndani ya vizazi vitatu, chanzo kikiwa bado kipo, anaitwa "hatarini". Na kizazi kimoja cha tembo ni takriban miaka 25, kwa hiyo wanatazama nyuma miaka 75. Kwenye kipimo hicho hata laki tatu wanaweza kuwa hatarini.

Jambo jingine: hadi 2021 tembo wote wa Afrika walipimwa kama spishi moja, wakawa "katika tishio". Mwaka huo wakatenganishwa. Tembo wa msituni, wa Kongo na Gaboni, akawekwa hatarini mno kwa kuwa amepungua zaidi ya asilimia 86 ndani ya miaka 31. Huyu wetu wa savana akawekwa hatarini, kwa kupungua angalau asilimia 60 ndani ya miaka 50.

#4 DunguLaMto
Asante mwalimu. Kumbe nikiwaona wengi shambani haiwahusu, wao wanatazama alipotoka babu yangu. Lakini mimi naliwa leo.

#5 Mama Kandege
#3 kasema kweli ila kaacha nusu. Tembo wanaonekana wengi kwa sababu wamesongamana. Ushoroba wa kutoka pori la Selous hadi Niassa unapita Namtumbo na Tunduru, na humo ndani siku hizi kuna mashamba, kuna mifugo iliyoshuka kutoka kaskazini, kuna barabara ya lami. Walipokuwa wakipita kwa upana, sasa wanapita kwenye uchochoro. Ukikaa kwenye uchochoro utaapa kwamba dunia nzima imejaa tembo. Hawakuongezeka, wamebanwa.

#6 Nyangumi Kavu
Siasa tu hizi. Selous peke yake ilikuwa na tembo 109,000 mwaka 2009, leo mnaambiwa wapo elfu kumi na kitu. Tembo zaidi ya elfu tisini wanakufaje kwa miaka minne bila nchi nzima kunuka? Hesabu ya kwanza ilipikwa au ya pili ilipikwa.

#7 Mtazamaji wa Kulia
#6 umechanganya takwimu mbili. 109,051 ya mwaka 2009 ni ya Tanzania nzima, na ilishuka hadi 43,330 mwaka 2014. Selous ilikuwa na karibu 110,000 mwaka 1976, na mwaka 2013 walibaki 13,084. Namba zinafanana, lakini nyakati na maeneo ni tofauti. Ujangili ulikuwepo kweli, ndiyo maana 2014 UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Nimewahi kukaa kiti cha kulia kwenye ndege za sensa, kwa hiyo niseme inavyokuwa. Ndege ndogo inaruka chini kwa mistari iliyonyooka. Kwenye nguzo ya bawa kuna fimbo mbili zimefungwa, na unachohesabu ni kile tu kinachopita kati ya fimbo hizo. Tembo akiwa nje ya fimbo hata kwa hatua mbili, humtaji, hata awe na meno ya kufika chini. Kundi likiwa kubwa unapiga picha, unakuja kuhesabu mezani. Halafu sehemu uliyoiona inakokotolewa hadi kupata eneo lote. Kwa hiyo ile 13,084 haina maana kwamba kuna mtu aliwagusa mmoja mmoja. Ni makadirio, na yana mpaka wa juu na wa chini ambao magazeti hayauandiki.

Mizoga nayo tunaihesabu. Mifupa ya tembo huonekana myeupe kutoka juu kwa miaka. Ukiona mizoga mingi kulinganisha na walio hai, unajua kilichopita hapo si ukame wala kuhama.

#8 Siti ya Mbele
Mtazamaji kaja na fimbo zake. Nyangumi Kavu maji yamekukuta.

#9 Nyangumi Kavu
Maji hayajanikuta popote. Muulizeni huyo mtaalamu kuhusu hifadhi za Ruaha na Rungwa. 2013 walihesabu 20,090. 2014 wakahesabu 8,272. 2015 wakarudia wakapata 15,836. Mwaka mmoja wanapotea elfu kumi na mbili, unaofuata wanarudi elfu saba na nusu. Tembo mimba yake miezi 22! Daraja likipangwa kwa namba ya namna hiyo mnataka tuliamini?

#10 Mtazamaji wa Kulia
Swali zuri, na wenzangu wa kazi wamelibishania sana. Maelezo niliyosikia ni matatu. Wa kwanza wanasema tembo walihama kwa muda kwenda nje ya eneo lililorukwa. Wa pili wanasema ni bahati ya mistari: makundi makubwa yakikaa kati ya mistari miwili, unatoka na namba ndogo bila kosa la mtu yeyote. Wa tatu wanasema ujangili ulikuwa mkali kweli na hesabu ya 2013 ndiyo iliyokuwa juu mno. Mimi naegemea la pili, lakini nimeruka na watu makini walioshikilia la tatu.

Ndiyo maana hakuna anayepanga daraja kwa hesabu ya mwaka mmoja wa eneo moja. Unachukua mfululizo wa miaka na maeneo yote ya bara, ndipo yale makosa ya kupanda na kushuka yanapunguzana.

#11 Kivu Kusini
Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu. Haya ya namba kupanda na kushuka tunayajua kupitia gorila wetu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, yule wa nyanda za chini mashariki. Mwaka 2016 walitoa hesabu ya 3,800, wakati miaka ya tisini ilikuwa karibu 17,000. Akawekwa hatarini mno. Kisha 2021 ikatoka hesabu mpya: 6,800. Watu mjini wakafikiri wamezaliana. Hapana! Walifika kwenye misitu ambayo hapo kwanza hawakuweza kuingia sababu ya vita, huko Maiko na Oku, wakakuta wengine. Gorila hawakuongezeka, kilichoongezeka ni miguu ya watu wa kuhesabu.

Na gorila hahesabiwi kwa macho. Kila jioni anajenga kiota kipya, asubuhi anakiacha. Mtu anatembea porini anahesabu viota na mavi, anakisia kiota kina siku ngapi. Majani yakikauka haraka, hesabu inabadilika. Pamoja na hayo yote alibaki hatarini mno, maana hata ukitumia 6,800 ameanguka vibaya. Watu wa migodi ya koltani wanakula nyama ya porini, hilo halihitaji ndege kuliona.

#12 Mwl. Biolojia
Asante Kivu. Ndugu yake wa milimani, wa Virunga na Bwindi, alipita njia ya kinyume: 2018 alitolewa hatarini mno akawekwa hatarini, kwa kuwa wamepita 1,000. Wapo waliopinga kwamba ni mapema, wanyama elfu moja kwenye vipande viwili vya msitu, ugonjwa mmoja wa mafua kutoka kwa mtalii unaweza kuwamaliza. Wengine wakasema kazi ya askari na madaktari wa wanyama ilipwe heshima yake. Daraja likipanda kila siku na lisishuke hata mara moja, nani atajitolea?

#13 Mrima Mwambao
Habari za jioni kutoka Kwale. Huku Kenya tuna palahala, swala mkubwa wa pembe zilizopinda, wamebaki Shimba Hills pekee nchi nzima, na sensa ya kitaifa ya 2021 iliwakuta hawafiki mia moja. Ukifungua Orodha Nyekundu, palahala "hana wasiwasi". Kwa sababu Tanzania, Zambia, Zimbabwe wapo tele, na huko kwenu Watanzania anapigwa risasi kwa leseni ya uwindaji. Sasa ningekuwa ofisa wa bajeti nikafuata orodha ya dunia, palahala wa Shimba asingepata hata lita ya dizeli. Bahati sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 ina orodha yake yenyewe.

Korongo, yule swala ndugu yake (siyo ndege), hali ni mbaya zaidi, amebaki hifadhi ya Ruma peke yake. Kwa hiyo mleta mada ana hoja kubwa kuliko mlivyomjibu. Orodha ya dunia inaweza kumwita "hatarini" mnyama aliyejaa kijijini kwako, na inaweza kumwita "salama" mnyama anayekufa mlangoni kwangu.

#14 Fundi Mitambo
Naona mmewasahau vyura. Mradi wa umeme wa Kihansi, megawati 180, ulitaka kukwamishwa na chura wa ukubwa wa kidole kwa sababu ya hayohayo madaraja. Chura kapanda ndege kwenda Marekani, mimi hata Nairobi sijafika. Na hadi leo wanasema "ametoweka porini" wakati tuliambiwa wamerudishwa.

#15 Mwl. Biolojia
Fundi, tukae sawa kwenye historia. Yule chura alijulikana kwa watu 1996 wakati utafiti wa mazingira wa mradi ukiendelea. Aliishi kwenye korongo moja tu, kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta chache. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa, wakawekewa na mabomba ya kunyunyizia maji kule kwenye korongo. Katikati ya 2003 walihesabiwa karibu 21,000, halafu ndani ya miezi michache wakaporomoka, na 2009 akatangazwa ametoweka porini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwapokea waliorudi 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Kuachiwa peke yake hakubadilishi daraja. Ni mpaka wazaliane wenyewe porini na vizazi vyao visimame bila kuongezewa. Huyu hatagi mayai majini kama wengine, anazaa vitoto vikiwa vimekamilika, vidogo kuliko punje ya mchele. Hapakuwa na Kihansi nyingine duniani.

#16 Fundi Mitambo
Na kilichowaua ni nini hasa? Maana mabomba yalikuwepo na vyura walikuwa 21,000. Siyo umeme basi.

#17 Mama Kandege
Wengine wanasema ule ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoua vyura dunia nzima, ulikutwa kwao 2003. Wengine wanasema bwawa lilifunguliwa kusafisha tope na tope likashuka na dawa za mashamba ya juu. Na wengine wanasema kupunguza maji kuliwadhoofisha tangu mwanzo, ugonjwa ukakuta wameshachoka. Mimi nipo na hao wa mwisho. Mabomba hayawezi kufanya kazi ya maporomoko.

#18 Mtazamaji wa Kulia
Hoja hiyo ya mwisho hamuwezi kuithibitisha, Mama Kandege. Idadi ilipanda mabomba yalipowekwa. Aliyedhoofika hazai hivyo.

#19 Jarife Kuukuu
Salaam kutoka Mafia. Nyie wa bara mna ndege na mistari, sisi nguva wetu nani anamhesabu? Anaibuka kuvuta pumzi, puani tu, maji ya delta ya Rufiji yana rangi ya chai. Wataalamu wanakuja kutuuliza sisi wavuvi: mara ya mwisho ulimwona lini? Mzee anasema nilimwona mwaka wa mafuriko. Kijana anasema nimemsikia tu. Hiyo ndiyo takwimu.

Anakamatwa kwenye jarife, ule wavu, akiwa hatafutwi. Lile la macho makubwa la kuvulia papa na samaki taa, linalazwa usiku, asubuhi unamkuta ameshakufa maji. Mvuvi akisema, anaogopa kushikwa. Asiposema, hesabu inabaki na pengo. Mwishoni mwa 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa hatarini mno, kwamba wakubwa wanaoweza kuzaa hawafiki 250 pwani yote, na wengi wao wapo Bazaruto, Msumbiji. Mimi namba hiyo siipingi. Naona hata ni ya ukarimu kwa upande wetu wa bahari.

#20 Siti ya Mbele
Uzi ulianza na tembo, tumefika baharini. Kesho tutakuwa kwa kunguni. Wao wana wasiwasi gani?

#21 Ngezi Kwetu
Siti ya Mbele ngoja na mimi niseme, hapa Pemba tuna la kufurahisha. Popo wetu mkubwa, yule wa kula matunda ambaye hayupo kwengine duniani. Watu walikuwa wakimla, msitu ukikatwa, hadi mwishoni mwa miaka ya themanini wakabakia wachache mno. Mwaka 1996 akawa hatarini mno. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda pale wanapolala, kama Kidike, wageni wakaja kuwatazama, kijiji kikapata cha kujengea. Walipohesabiwa tena wakawa zaidi ya elfu ishirini, na 2008 daraja likashushwa hadi "katika tishio".

Mimi mwenyewe nimeshiriki kuhesabu. Mnakaa chini ya miti jioni kabla hawajaruka, kila mtu na upande wake, shingo inauma. Kinachonitia hofu ni kwamba daraja likishuka, wafadhili wanahama na kwenda kwa mnyama mwengine aliye hatarini zaidi. Wakati kazi ya kulinda haipungui hata siku moja, na mikarafuu haiachi kuhitaji nafasi.

#22 Wakili Mstaafu
Naomba tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa humu. Orodha Nyekundu haina nguvu ya sheria, ni tathmini. Biashara ya meno inaamuliwa na mkataba wa CITES, kwa kura za nchi. Tembo wa Afrika aliwekwa kiambatisho cha kwanza, kinachozuia biashara, 1989. Botswana, Namibia na Zimbabwe wakashushwa cha pili, kinachoruhusu kwa masharti, 1997, Afrika Kusini 2000. Tanzania na Zambia tuliomba hivyo Doha mwaka 2010, tukakataliwa. Miaka minne baadaye ikatoka ile hesabu ya 43,330. Waliotunyima kura walionekana waliona mbali, ingawa wakati ule ilituuma.

Na wewe mleta mada, haki yako haitoki kwenye orodha yoyote ya hizo. Inatoka kwenye kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioharibiwa mazao au kudhuriwa na wanyamapori. Kwa kanuni za 2011 malipo ya mazao yalikuwa na kikomo cha ekari tano, na kiasi kilipanda kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji, nyayo na mabua yaliyovunjwa yakiwa bado yanaonekana. Mkisubiri mvua ikafuta nyayo, ofisa atapima nini?

#23 DunguLaMto
Taarifa nimetoa, shukrani wakili. Wengine wote nimewasoma. Nina swali moja kwa Mtazamaji. Mnaruka kiangazi, miombo ikiwa imepukutisha majani ili muone chini. Sawa. Lakini wakati huo tembo wapo kwenye maji, Ruvuma na ndani ya hifadhi. Kwangu wanakuja masika, majani yamefunga, ndege haioni kitu. Kwa hiyo kwenye hesabu yenu shamba langu lina tembo sifuri?

#24 Mtazamaji wa Kulia
Kwenye sensa ya kiangazi, ndiyo, mara nyingi sifuri au karibu na hapo. Sensa inajibu wapo wangapi nchini. Haijibu wanapita wapi mwezi wa tatu. Hilo linajibiwa na mikanda ya shingoni yenye setilaiti, na daftari la askari wa kijiji: tarehe, shamba, kundi la wangapi, walitokea upande gani.

#25 Mrima Mwambao
Na maamuzi ya ushoroba yafanywe kwa daftari hilo, siyo kwa orodha ya dunia. Ndilo ninalosema tangu #13.

#26 Mwl. Biolojia
Siafiki kabisa. Daftari litakuonyesha tembo wengi, na mtu wa kiwanja atasema wapo tele, ziba njia. Bila takwimu ya miaka 75 hakuna anayekumbuka kilichopotea.

#27 DunguLaMto
Mwalimu, njoo ulale dunguni usiku mmoja halafu tuzungumze miaka 75. Nakukaribisha kwa moyo mweupe, ugali upo. Mimi sitaki tembo waishe. Babu yangu aliwaona na mimi nataka wanangu wawaone, ila wakiwa upande wao. Nataka anayepanga daraja ahesabu na masika.

#28 Mama Kandege
Wakati mnabishana: mavi makavu ya tembo, ponda pilipili kali, changanya na maji, fanya matofali, anika. Jioni choma upande upepo unakotokea ili moshi uende kwao. Vaa kitambaa puani. Uzio wa mizinga ya nyuki nao unafanya kazi, ila unataka mtu wa kuitunza, na mizinga ikikaa bila nyuki tembo anapita.

#29 DunguLaMto
Moshi wa pilipili tulijaribu, mvua ikinyesha unazima. Mabomu baridi ya askari walishayazoea, wanasogea hatua chache wanasimama kutuangalia. Mizinga sijajaribu. Kwa ekari nne natundika mingapi, na kwa umbali gani?

#30 Mrima Mwambao
Taita wanaacha kama mita kumi kati ya mzinga na mzinga, waya mmoja umeiunganisha yote ili tembo akigusa popote itikisike. Zungushia kwanza upande wanakotokea, usianze na shamba lote. Nitakutumia picha usiku huu.